Maudlin

Maudlin (hutamkwa "modlin") ni kivumishi cha Kiingereza kinachomweleza mtu, wimbo au maandishi yenye hisia zilizopita kiasi, hasa huzuni ya kulialia na kujihurumia. Hutumika sana kwa mlevi anayeanza kububujikwa na machozi glasi zikishazidi. Si machozi ya mamba: mwenye machozi ya mamba hudanganya, ilhali huyu analia kwa dhati, ila kilio chake kimelizidi jambo lenyewe.

Asili

Neno limetokana na jina la Maria Magdalena, yaani Maria wa Magdala, mji uliokuwa kando ya Ziwa Galilaya. Jina hilo lilipitia Kifaransa cha kale, likadondosha sauti ya "g", na Waingereza wakalipokea hivyo.

Injili humwonyesha Magdalena akilia mahali pamoja tu, kaburini kwa Yesu (Yohana 20:11), na aliyefiwa kulia si ajabu. Sifa ya machozi ilimwangukia kwa njia nyingine. Mwaka 591 Papa Gregori Mkuu alihubiri kwamba yeye ndiye yule mwenye dhambi wa Luka 7, aliyeiosha miguu ya Yesu kwa machozi. Luka mwenyewe hakumtaja mwanamke huyo kwa jina, na Wakristo wa Mashariki waliendelea kuwatenganisha wawili hao. Wachoraji wa Magharibi, kinyume chake, waliyashika mahubiri hayo kwa karne nyingi. Titian alimchora zaidi ya mara moja, macho yamelowa, uso ameuelekeza mbinguni. Kwa picha za namna hiyo, jina la mfuasi mwaminifu likageuka dhihaka.

Matumizi

Katika kijitabu chake *Pierce Penilesse* cha 1592, mwandishi Mwingereza Thomas Nashe aliwagawa walevi katika aina 8, mmojawapo akiwa huyu wa machozi. Siku hizi neno hupatikana zaidi katika uhakiki wa filamu na muziki. Kiswahili hakina neno moja linalolingana nalo. "-A kulialia" hukaribia.

Matamshi ya zamani yamebaki pia katika majina ya vyuo viwili: Magdalen cha Oxford, kilichoanzishwa 1458, na Magdalene cha Cambridge.

Magdalena katika Kanisa

Mabadiliko ya kalenda ya Kikatoliki ya 1969 yaliacha kumhesabu kuwa yule mwanamke wa Luka 7. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya Julai 22 kuwa sikukuu.