Darubini na pete nafuu za bunduki ya kalibre .22: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

BUNDUKI ndogo ya kalibre .22 ndiyo ambayo walengaji shabaha wengi duniani hujifunzia. Risasi yake ni ya bei ya chini, mshindo wake ni mdogo na haimpigi mlengaji begani kwa kishindo. Hata hivyo, wengi wanaotaka kuifungia darubini hupoteza fedha kwa kununua kifaa kisichofaa, au hununua kifaa kizuri kisha wakakishikiza kwa pete zisizoshika.

Risasi inayotumika zaidi katika bunduki hizi ni .22 Long Rifle, ambayo ilianza kutengenezwa Marekani mnamo 1887. Kiwashio chake hakimo katikati ya kitako cha ganda kama ilivyo katika risasi kubwa, bali kimetandazwa ndani ya ukingo wake. Ganda la namna hii ni jembamba na haliwezi kuhimili shinikizo kubwa. Ndiyo maana risasi hii ni ya masafa mafupi, na darubini yake sharti ichaguliwe kwa kuzingatia masafa hayo.

Ukubwa wa picha

Maandishi kama 4x32 au 3-9x40 huandikwa kwenye kila darubini. Nambari ya kwanza hueleza ni mara ngapi kifaa kinakuza kinachotazamwa, na ya mwisho ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Palipo na nambari mbili zilizotenganishwa kwa kistari, ukuzaji unaweza kubadilishwa kati ya viwango hivyo viwili.

Mnunuzi asivutiwe na nambari kubwa. Ukigawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa kiwango cha ukuzaji, unapata upana wa mwale wa nuru unaolifikia jicho. Darubini ya 4x32 hutoa mwale wa milimita 8, ilhali ya 3-9x40 iliyowekwa kwenye 9 hutoa milimita 4.4 pekee. Mwale ukiwa mwembamba, picha hufifia wakati wa machweo, na mlengaji hulazimika kuliweka jicho mahali pamoja barabara ili aone.

Kwa shabaha iliyo umbali wa kati ya mita 25 na 75, ukuzaji wa mara 4, au wa kubadilishwa kati ya 2 na 7, unatosha. Kwa mwenye fedha kidogo, darubini ya ukuzaji mmoja aghalabu ni bora kuliko ya kubadilishwa ya bei iyo hiyo. Haina sehemu nyingi zinazosogea, kwa hiyo sehemu kubwa ya gharama yake imetumika kwenye lenzi.

Kosa lisiloonekana

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni paralaksi. Huu ni ule hali wa alama ya msalaba kuonekana ikihama juu ya shabaha pindi jicho linaposogea nyuma ya lenzi, ingawa bunduki yenyewe imetulia. Kila darubini isiyo na kirekebishi huwa imepangwa kiwandani kwa umbali mmoja ambapo kosa hili hutoweka.

Darubini za bunduki kubwa kwa kawaida hupangwa kwa yadi 100, yaani takriban mita 91, au zaidi. Zilizokusudiwa kalibre .22 hupangwa kwa yadi 50 au 60. Tofauti hiyo si ndogo. Darubini yenye lenzi ya milimita 40 iliyopangwa kwa yadi 100 ikitumiwa kwa mita 50, jicho likiwa pembeni kabisa mwa lenzi, shabaha inaweza kukosewa kwa karibu milimita 9. Katika mashindano ya kimataifa ya mita 50, duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 10.4 tu.

Kwa hiyo, swali la kwanza dukani liwe: imepangwa kwa umbali gani? Muuzaji asipojua, kijitabu kinachoandamana na kifaa kitaeleza.

Bei na historia

Zamani darubini ilikuwa kifaa cha matajiri. Mambo yalianza kubadilika mnamo 1930 pale Mmarekani William Weaver alipoanza kuuza darubini aliyoibuni mwenyewe kwa dola 19. Jina lake limebaki hadi leo kwenye aina mojawapo ya reli za kushikizia darubini.

Bomba la darubini za bei ya chini kabisa lilikuwa na kipenyo cha robo tatu ya inchi, yaani milimita 19. Darubini hizo zingali zinapatikana, lakini nyingi zina picha yenye giza na virekebishi visivyotegemeka. Anayeweza kuongeza fedha kidogo achukue yenye bomba la inchi moja, yaani milimita 25.4. Bomba la milimita 30 lina gharama zaidi, na katika bunduki ya .22 manufaa yake ni machache.

Pete na reli

Pete ndizo zinazoiunganisha darubini na bunduki. Zikilegea hata unywele, lenzi ghali haisaidii kitu. Mnunuzi anapaswa kupima mambo matatu.

La kwanza ni kipenyo cha bomba. Pete za inchi moja hazifai bomba la milimita 30, wala kinyume chake.

La pili ni umbo la sehemu ya juu ya bunduki. Bunduki nyingi za .22 zina mifuo miwili iliyochongwa juu ya chuma chenyewe. Katika nyingi za Marekani, upana kati ya mifuo hiyo ni karibu milimita 9.5, na katika nyingi za Ulaya, zikiwemo za CZ, ni milimita 11. Zipo pete zinazoshika zote mbili, ila si zote. Bunduki nyingine huwa na reli ya Weaver au ya Picatinny, iliyowekewa kipimo rasmi na jeshi la Marekani mnamo 1995. Pete za Weaver kwa kawaida huingia kwenye reli ya Picatinny, lakini za Picatinny huenda zisiingie kwenye reli ya Weaver kwa kuwa nafasi zake ni nyembamba zaidi.

La tatu ni kimo. Pete zinazofaa ni fupi kadiri inavyowezekana, mradi lenzi ya mbele isiguse mtutu na mkono wa komeo usigonge darubini unapoinuliwa. Pete ndefu mno humlazimu mlengaji kuinua shavu kutoka kwenye kitako cha bunduki, na hapo ndipo kosa la paralaksi linapozidi.

Kufunga na kurekebisha

Kabla ya kugusa lolote, risasi zote ziondolewe na chemba ikaguliwe kwa macho na kwa kidole. Mafuta yafutwe kwenye mifuo na ndani ya pete. Darubini ilazwe kwenye nusu za chini za pete, kisha isogezwe mbele au nyuma mpaka picha ijae bila duara jeusi pembeni. Jicho kwa kawaida hukaa kati ya milimita 75 na 100 nyuma ya lenzi. Alama ya msalaba ikishasimama wima, skrubu zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, nafasi za pande zote mbili zikilingana. Kukaza kupita kiasi huliumiza bomba.

Kwenye uwanja wa shabaha, virekebishi vya darubini nyingi husogeza pigo kwa robo ya dakika ya pembe kila vinapolia. Kwa mita 50, hiyo ni takriban milimita 3.6. Risasi zikipiga milimita 36 chini ya shabaha, kirekebishi kipandishwe mara 10. Kwa mita 25, kosa hilo hilo lahitaji mara 20.

Kuna jaribio rahisi la kutambua kifaa hafifu. Baada ya kupiga risasi kadhaa, sogeza virekebishi mara 20 kulia, 20 juu, 20 kushoto na 20 chini, kisha upige tena. Risasi zisiporudi pale pa mwanzo, darubini irudishwe dukani.

Bunduki iliyorekebishwa kwa mita 50 hupiga zaidi ya sentimita 15 chini ya shabaha kwa mita 100. Katika nchi ambako sungura na kindi huwindwa kwa silaha hizi, mwindaji asiyejua hili humjeruhi mnyama na kumwacha afe kwa mateso.

Sheria na kanuni

Nchini Kenya, uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mnamo 1977, na kumiliki bunduki ya aina yoyote kunahitaji cheti chini ya Sheria ya Silaha. Mwenye cheti anayetaka kununua au kuagiza darubini kutoka ng'ambo anashauriwa kuuliza kwanza Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha.

Anayelenga kushindana naye asome kanuni mapema. Mashindano ya Olimpiki ya bunduki ya mita 50 na yale ya biathlon, yote yakitumia risasi ya .22, hayaruhusu darubini ya kulengea. Kwa mchezaji wa aina hiyo, fedha za darubini zingefaa zaidi zikinunua risasi za mazoezi.