Newtown: Mtaa Uliozaliwa na Moto

Mgeni anayefika Newtown, katikati ya Johannesburg, huelekezwa kwenye ukumbi wa maigizo wa Market Theatre. Ni nadra kuambiwa kwamba mtaa huo ulizaliwa na moto.

Mapema mwaka 1904 palikuwa hapo makazi ya Wahindi na Waafrika. Halmashauri ya jiji ilikwisha kuyatwaa, kisha ikauacha uchafu urundikane. Mwezi Februari, wakili Mohandas Gandhi alimwandikia mganga mkuu wa jiji, Charles Porter, akimtahadharisha kuwa maradhi yangezuka. Machi, tauni ikaingia. Gandhi, aliyeshiriki kuwauguza wagonjwa 23, alieleza baadaye kwamba waliambukizwa kwenye mgodi wa dhahabu, si mtaani.

Mgodi haukuchomwa. Wakazi walihamishiwa mahemani Klipspruit, penye shamba la maji taka, na kikosi cha zimamoto kikauteketeza mtaa. Wahindi waliruhusiwa kurudi mjini. Waafrika wakabaki, na huko ndiko ilikoanzia Soweto. Majivu yalipoondolewa, ardhi ilipimwa upya ikaitwa Newtown.

Siku hizo hapakuwa na namna ya kuthibitisha ugonjwa ulipopitia. Sasa ipo, kwa bakteria kama wa tauni na kwa virusi pia. Wataalamu husoma vinasaba herufi kwa herufi. Kirusi cha corona kina herufi zipatazo 30,000. Kinapojizidisha, hutokea makosa machache ya kunakili, nayo hurithiwa. Wagonjwa wawili wenye makosa yale yale yaelekea wamo katika mnyororo mmoja wa maambukizi.

Novemba 2021, maabara za mkoa wa Gauteng, lilipo jiji la Johannesburg, ziliona kipimo cha kawaida cha UVIKO-19 kikikosa kuonyesha jeni moja katika sampuli nyingi. Vinasaba vikasomwa upesi. Tarehe 25, wanasayansi wa Afrika Kusini wakaitangazia dunia aina mpya ya kirusi, ambayo kesho yake iliitwa Omicron.

Jioni ile ile Uingereza ilitangaza kusimamisha safari za ndege kutoka nchi 6 za kusini mwa Afrika. Wengine wakafuata, Marekani ikiwemo.

Tarehe 30, Uholanzi ikasema imekikuta kirusi hicho katika sampuli zake za tarehe 19 na 23, yaani kabla ya tangazo la Afrika Kusini. Uingereza iliziondoa nchi za Afrika, zilizokuwa zimefikia 11, katika orodha yake nyekundu tarehe 15 Desemba.