Ua la Tausi na Majina Yasiyoandikwa

Leo siasa naziweka kando kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu kichaka.

Kuna maghala ya kisayansi yanaitwa hebaria. Humo mmea hukaushwa, hubandikwa kwenye karatasi, na pembeni huandikwa jina lake, mahali ulipochumwa, tarehe na aliyeuchuma. Kwangu mimi mwandishi wa habari, hiyo ni habari fupi. Na kila habari naiuliza: nani kaachwa nje?

Mwaka 1687 daktari Hans Sloane alikwenda Jamaica na gavana wa Kiingereza. Alikaa kama miezi 15, akarudi na mimea mikavu ipatayo 800. Hebaria yake, yenye majalada 265, imo katika Makumbusho ya Historia ya Asili, London. Kati ya mimea ya Karibi aliyoieleza ni kichaka chenye maua mekundu na ya njano, ambacho Waingereza hukiita ua la tausi. Huenda hata kwenu kimepandwa uani. Sloane aliandika kwamba kinatoa mimba. Basi, akaishia hapo.

Aliyeeleza sababu ni mwanamke. Maria Sibylla Merian, mchoraji Mjerumani, alifika Suriname, koloni la Waholanzi, mwaka 1699. Katika kitabu chake cha 1705 alisema wanawake wa asili walitumia mbegu zake ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Waafrika walioletwa kutoka Guinea na Angola nao walitishia kutozaa iwapo wataendelea kuteswa. Wenyewe ndio waliomsimulia.

Sasa tazama jina la kisayansi. Mwaka 1753 Linnaeus aliuita mmea huo Poinciana pulcherrima. Poinciana inatokana na de Poincy, gavana Mfaransa aliyetawala visiwa vya Karibi vyenye watumwa! Mwaka 1791 ukahamishiwa Caesalpinia, kwa heshima ya Cesalpino, daktari Mwitaliano aliyefariki mwaka 1603.

Gavana kakumbukwa, daktari kakumbukwa. Wanawake walioujua mmea, wakaugeuza silaha, hawana hata herufi moja.

Jamani, mimea mikavu haisemi uongo. Ila karatasi inasema tu kile alichotaka mwenye kalamu. Sisi tulioshika kalamu leo tusisahau hilo.