Maji ya Kambi ya Lejeune

Askari hufundishwa kuchunga kisima ili adui asitie sumu. Katika kambi ya Lejeune, jimbo la North Carolina nchini Marekani, sumu haikuletwa na adui. Kwa zaidi ya miaka 30 askari wa kikosi cha Marine, wake zao na watoto wao waliinywa kutoka katika mabomba ya kambi yao wenyewe.

Maji ya kambi hiyo hutoka visimani. Karibu na Tarawa Terrace, mahali pa nyumba za familia za askari, palikuwa na dobi wa kiraia aliyefua nguo kwa dawa badala ya maji. Dawa yake, tetrakloroethilini, ni kiyeyushi cha mafuta. Mabaki yake yaliingia katika tangi la maji machafu, yakapenya mchangani, hatimaye yakafika kisimani. Upande wa Hadnot Point, jeshi halikuwa na wa kumlaumu ila lenyewe. Matangi ya chini ya ardhi yalivuja, na trikloroethilini, ambayo mafundi huondolea grisi kwenye vyuma vya mitambo, ilimwagwa ovyo.

Vitu hivyo havibadilishi rangi ya maji, tena ni vizito kuliko maji, hivyo huzama chini na kukaa huko miaka mingi. Mwaka 1980 maabara ya jeshi, iliyokuwa ikipima kemikali zinazotokana na klorini ya kusafishia maji, ilikuta kitu kigeni kikivuruga vipimo, ikatoa onyo. Mwaka 1982 maabara ya kiraia ilivitaja viyeyushi hivyo kwa majina. Mei mwaka huo lita moja ya maji ya Hadnot Point ilikutwa na mikrogramu 1,400 za trikloroethilini. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa na serikali baadaye ni 5.

Jambo moja lilizidisha utata. Visima vilitumiwa kwa zamu, na maji yake kuchanganywa kabla ya kugawanywa. Leo bomba lilitoa maji machafu, kesho yakawa nafuu. Hata hivyo, kupima kisima kimoja kimoja hakukuwa kazi ya miaka. Visima vilivyochafuka zaidi vilifungwa kati ya Novemba 1984 na Februari 1985, na kucheleweshwa huko hakuna udhuru wa kutosha.

Septemba 1985 Janey, binti wa sajenti Jerry Ensminger wa kikosi hicho, alifariki kwa saratani ya damu akiwa na umri wa miaka tisa. Baba yake hakujua habari za maji hayo mpaka mwaka 1997, alipozisikia katika televisheni, wakati huo akiwa amekwisha staafu. Tangu hapo aliwaandama wakubwa wake wa zamani kwa maswali na nyaraka.

Wachunguzi wa serikali, kwa kukosa sampuli za miaka ya nyuma, walitumia kompyuta kukadiria mwendo wa sumu ardhini. Mwaka 2014 walilinganisha vifo vya askari wa Lejeune na vya wenzao wa kambi ya Pendleton, California. Hatari ya kufa kwa saratani ya figo na ya ini ilionekana kuwa kubwa zaidi Lejeune.

Sheria ya matibabu yenye jina la Janey ilitiwa saini Agosti 2012. Ruhusa ya kuishtaki serikali mahakamani ilipatikana Agosti 2022, kwa kila aliyekaa kambini hapo siku 30 au zaidi kati ya Agosti 1953 na Desemba 1987.