Meli iliyopakwa grisi mbele ya kuzama



Watu wakihadisia vita ya 1914-1918 ku ziwa Tanganyika, wanataja mizinga na makomanda. Leo tuangalie upande mwingine: nani alitunza mashini, na alizitunza na nini?

Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili za vita, Mimi na Toutou, ili wapigane na Wajerumani ku ziwa. Gari ya moshi ilizifikisha Fungurume, Katanga. Toka pale, hakukuwa barabara ya gari. Matrakta mawili ya mvuke yalizivuta kupita milima ya Mitumba, na watu wakajenga madaraja zaidi ya 100. Trakta ya mvuke inakula kuni na maji saa yote, na ilikuwa kiangazi. Maji yalipokosekana, wamama wa vijiji njo waliyaleta ku kichwa. Pale mlima uliposhinda trakta, walifunga kamba na ng'ombe. Majina ya makomanda yaliandikwa. Ya wamama wale, hapana.

Mwaka 1916 zikafika ndege nne za kutua ku maji, ambazo Uingereza iliazima Wabelgiji. Zilipita njia ndefu ya gari ya moshi na mito mupaka karibu na Kalemie, ambayo iliitwa Albertville. Ndege ya wakati ule ilikuwa mbao, kitambaa na gundi. Joto na unyevu vinapinda mbao na kuregeza gundi. Na piesi ikivunjika, ingine iko Ulaya. Hata hivyo, mwezi wa 6 zilitupa mabomu ku Kigoma. Rubani alionekana huko juu. Fundi alibaki chini na mikono ya mafuta.

Wajerumani nao walijua siri ile. Mwezi wa 7, mbele ya kukimbia Kigoma, walizamisha meli yao kubwa, Graf von Götzen. Lakini mafundi walioiunga palepale Kigoma walipaka kwanza mashini zake grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba, na mashini zake zilezile. Nyuma ya miaka mingi ndipo ilipewa motere za mazutu. Na mwaka 1997, Liemba hiyo njo ilichukua wakimbizi Kigoma na kuwarudisha Uvira. Aliyepanda ile safari alibebwa na kazi ya mafundi wa miaka 80.

Wafadhili wetu, kinu cha kusaga, pampu ya maji, kamyo: tunashukuru sana. Lakini mashini bila piesi na fundi ni chuma cha kulalia kuku. Tunaomba kila mashini ije pamoja na grisi, chujio na pesa ya kufundisha kijana mmoja. Na sisi wanachama, tuchange kila mwezi, ingali inatembea. Tusingoje ivunjike.