Sinza au Manzese: Mnunuzi wa nyumba aanze na hati

Sinza na Manzese ni kata jirani katika Manispaa ya Ubungo, Dar es Salaam, lakini haki za ardhi hutofautiana.

Sinza ilipimwa viwanja katika miaka ya 1970, kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Hati miliki yaweza kufikia miaka 99.

Manzese ilijengwa bila kupimwa. Tangu mwaka 2004 wakazi wa maeneo ya aina hiyo jijini wamekuwa wakipewa leseni za makazi, ambazo ni za muda mfupi. Faida yake ni Barabara ya Morogoro, yenye mabasi yaendayo haraka tangu mwaka 2016.

Kokote anunuako, mnunuzi athibitishe umiliki kwa msajili wa hati au manispaa kabla ya kulipa, asije akauziwa kiwanja cha mwingine.