Kitako cha bunduki kilichokwaruzika: kabla ya kukimbilia msasa

Bunduki ya mwindaji huku Kabambare haikai kabatini. Inapita vichakani, inafungwa juu ya baiskeli, inaegemezwa ukutani. Chuma kinavumilia, lakini kitako cha mti kinaonyesha kila safari. Kukirudishia sura si lazima umpate fundi wa silaha. Seremala mwenye subira anaiweza kazi hiyo.

Kwanza risasi zitolewe, na chemba iangaliwe kwa macho na kuguswa kwa kidole. Kisha kitako kitenganishwe na chuma, kipanguswe kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, kikauke kivulini. Uchafu wa jasho na moshi ukitoka, alama nyingine zinapotea zenyewe.

Hapo ndipo watu wengi wanakosea: wanaona alama yoyote, wanaikwangua. Mahali palipobonyea, nyuzi za mti zimelala tu, hazikukatika. Weka kitambaa kibichi juu yake, gusa na pasi ya moto kwa sekunde chache. Mvuke unazivimbisha na mbao inapanda. Rudia mara mbili, tatu. Mkwaruzo ni kitu kingine, maana nyuzi zimekatwa, na huo ndio wa msasa. Ama ufa kwenye shingo, pale pembamba nyuma ya kifyatulio, usiufunike kwa verni hata kidogo. Kila mlio unausukuma upanuke, na siku moja kitako kinavunjika mkononi. Bunduki hiyo isipigwe mpaka ufa utengenezwe.

Msasa wenyewe, kabla ya kuwa karatasi ya dukani, ni mti wa jamii ya mtini, wenye majani yanayoparuza kama ulimi wa paka. Majani hayo bado yanafaa kumalizia. Kwa karatasi, anza na namba 120 ama 180, nenda 240, malizia 400, sikuzote kwa kufuata mkondo wa nyuzi. Kisha lowanisha kidogo, acha ikauke, pitisha tena ile laini, kwa sababu maji yanasimamisha vinyweleo vya mbao.

Sasa mafuta. Maniema ina mawese mengi, na mtu anashawishika kuyapaka. Yanang'aa siku ya kwanza, lakini hayakauki: kitako kinabaki kunata, kinakusanya vumbi, kisha kinanuka. Mafuta ya kitani ndiyo yanayokauka na kuwa ngozi juu ya mti. Paka kidogo sana, futa yanayobaki, ngoja siku nzima ama zaidi kabla ya kurudia. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo visifinyangwe pembeni, vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke. Asiyepata kitani asugue nta ya nyuki iliyopashwa moto. Haikingi maji sawasawa, ila inarudishwa kwa urahisi.

Jambo la mwisho linahusu alama za kiwanda na namba. Zilizochongwa kwenye mti zizungukwe na msasa, zisifutwe. Uwindaji nchini unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, inayodai kibali, na katika eneo ambalo limeshaona vikundi vingi vyenye silaha, bunduki iliyong'arishwa lakini haina alama inaleta maswali ambayo mwenyewe atashindwa kuyajibu.